Nani Amemuuliza Binti? Jukwaa la Shule Kutoka Malya Hadi Sibwesa

Tuanze na namba, tamthiliya tutazifikia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba mkoani Katavi, katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Kwa Tanzania nzima walikuwa 27. Katavi ikawa ya kwanza kitaifa, na hiyo si nafasi ya kwanza ambayo mkoa wowote ungeiombea.

Umri wa miaka 15 hadi 19 ndio umri wa kidato cha pili, cha tatu na cha nne. Kwa hiyo namba iliyokusanywa na watu wa afya ni namba ya shule vilevile. Sisi huwa tunazitenga. Namba ya mimba tunaipeleka kwa daktari, namba ya divisheni tunaipeleka kwa afisa elimu, na ni nadra mtu kuzilaza zote mbili kwenye meza moja. Hapa nitazilaza meza moja, na nitadai jambo ambalo wapenzi wa fasihi watalifurahia na watu wa takwimu huenda wakalikunjia uso: kwamba miongoni mwa waliolielewa tatizo hili mapema na kwa kina hapa nchini walikuwa watu wa tamthiliya.

Sibwesa iko wapi

Sibwesa ni kata katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam "Tanganyika", atafikiri unazungumzia nchi ya kabla ya Muungano. Hapana, ni wilaya, makao makuu yake ni Majalila, na upande wake wa magharibi unagusa ziwa lenye jina hilohilo. Zamani yote hii ilikuwa Mpanda, na Mpanda ilikuwa sehemu ya Rukwa. Katavi imekuwa mkoa mwaka 2012 tu. Yaani kijana anayemaliza kidato cha nne leo ana umri unaokaribiana na wa mkoa wake.

Ni nchi pana na watu wake wamekaa mbalimbali. Wapo Wabende, Watongwe, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa. Wapo Wasukuma walioteremka na ng'ombe wao wakitafuta malisho na mashamba. Wapo watu wa Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliotoroka mauaji ya 1972, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Mahindi, mpunga, tumbaku, asali, mifugo: huo ndio uchumi. Na katika uchumi wa namna hiyo, umbali ndio mwalimu mkuu wa kila kitu. Mtoto anapangiwa shule ya kata, shule ya kata iko kijiji cha mbali, na mzazi ana mambo mawili ya kuchagua: mtoto atembee, au apangiwe chumba karibu na shule. Chumba hicho vijana wanakiita geto. Binti wa miaka 15 katika geto anapika mwenyewe, analala mwenyewe, na unga ukiisha katikati ya wiki anatafuta mwenyewe namna ya kumaliza wiki. Waliosoma shule za kata wanajua mwisho wa hadithi hiyo bila kusimuliwa.

Zamani elimu na afya katika eneo hili hazikukaa mbalimbali namna hii. Nenda Karema, kwenye ufuko wa ziwa, wilaya hiyohiyo ya Tanganyika. Wamisionari wa Afrika walichukua kituo kile mwaka 1885. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika pale mtu anayeitwa Adrien Atiman, Mwafrika wa upande wa mto Niger aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea utabibu Malta. Atiman alikaa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Alikuwa daktari, na alikuwa katekista. Aliyemfunga kidonda mtoto asubuhi ndiye aliyemfundisha. Sisemi turudi kwenye misheni; nasema tu kwamba wazo la kuwa anayemfundisha mtoto anapaswa kujua pia nini kinamuuma si geni katika Katavi. Limeshaishi pale miaka mingi.

Sekondari ilikuwa habari nyingine. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, si kwa ajili ya watoto, lakini kwa mtoto wa Mpanda aliyebahatika kufaulu, treni hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kwenda kusoma Tabora. Alikwenda kulala bwenini, akala chakula cha shule, akacheza mpira, akaingia kwenye mdahalo Jumamosi. Sekondari ya wakati huo ilikuwa ya wachache, na hilo ni dhambi yake kubwa. Lakini wale wachache walipewa shule yenye sehemu zake zote. Wengi walipokuja kupewa sekondari, walipewa madarasa.

Malya na Msoga

Sasa tuingie jukwaani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walimu wa Idara ya Sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao, walianza kwenda vijijini. Wasomaji wa fasihi mnawajua kwa vitabu: Muhando ndiye mwandishi wa Hatia, Nguzo Mama na Lina Ubani, Lihamba aliandika Hawala ya Fedha, na wote wawili, pamoja na Ndyanao Balisidya, waliandika Harakati za Ukombozi. Vijijini hawakwenda na vitabu hivyo. Walikwenda mikono mitupu, kwa makusudi.

Malya, ile ya Kwimba mkoani Mwanza, na Msoga mkoani Pwani zilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Utaratibu wao ulikuwa kinyume cha ule tuliouzoea. Tuliouzoea ni huu: gari linafika, kikundi kinashuka, kinaigiza ujumbe ulioandikwa mjini kuhusu vyoo au chanjo, watu wanacheka, gari linaondoka. Wao walikaa. Waliwauliza wanakijiji nini kinawasumbua, wakawaacha wajadili kwa nini kinawasumbua, kisha wanakijiji wenyewe wakatengeneza onyesho kwa ngoma zao, ngonjera zao na vichekesho vyao. Baada ya onyesho hakuna kwenda nyumbani: mnakaa, mnaulizana, mnaamua.

Jambo lililoibuka katika kazi hizo ni lilelile linaloibuka Katavi leo: mimba za wasichana. Miaka thelathini na zaidi kabla ya namba 45 kuchapishwa, watu wa vijijini walikuwa wameshalisema wenyewe, kwa ngoma, mbele ya viongozi wao. Na kwa kuwa lilisemwa kwa mchezo wa kuigiza, lilisemwa pamoja na mambo ambayo dodoso halina kisanduku chake: baba anayejifanya hajui, kijana asiye na kazi, mama anayepokea kitenge akanyamaza.

Tuseme

Mwaka 1996 wazo hilo liliingia sekondari. Idara ileile ya Chuo Kikuu ilianzisha mradi ulioitwa Tuseme. Jina lenyewe linatosha kuwa mada. Si "Tuwaambie", si "Tuwaelimishe". Tuseme. Anayesema ni binti.

Swali la mradi lilikuwa la kitaaluma kabisa: kwa nini wasichana wanafanya vibaya kuliko wavulana katika mitihani, na kwa nini wanaacha shule? Kitu kipya kilikuwa nani anaulizwa. Hakuulizwa mkuu wa shule kwanza, wala mtaalamu wa mitaala. Waliulizwa wasichana, na wakapewa kazi ya kutafiti. Walichunguza shule yao wenyewe: nani anafagia wakati nani anajisomea, nani anatumwa maji, mwalimu gani akikosewa jibu anatukana, njiani kuna nani, bwenini kunakosekana nini siku za hedhi. Kisha wakachambua, wakaigiza, wakaita walimu, wazazi na wanafunzi wenzao kutazama, na baada ya onyesho yakafuata majadiliano na mpango wa nini kifanyike na nani. Shule ikabaki na klabu ya Tuseme ya kuendeleza kazi.

Fikiria tu kikao hicho. Binti ambaye akisimama darasani kujibu swali la Fizikia sauti haitoki, huyohuyo anasimama mbele ya watu mia tatu akiwa amejifunga kanga ya mama mwenye nyumba, anaigiza mtu ambaye kila aliyekaa pale anamjua. Anayemwigiza naye amekaa pale, pengine kiti cha mbele. Jukwaa linampa binti kinga ambayo ofisi haiwezi kumpa. Ofisini ni yeye na mtu mzima, mlango umefungwa, neno lake dhidi ya la mkubwa. Jukwaani ni mchezo tu, jamani, mbona unakasirika? Utamaduni wetu unaijua siri hiyo siku nyingi. Nyimbo za unyago, utani wa makabila, majigambo, mafumbo ya kanga: kuna mambo huruhusiwi kuyasema mpaka uyapambe.

Mlama baadaye aliongoza FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika waelimishaji lililoanzishwa mwaka 1992 na kuwa na makao Nairobi, na Tuseme ikasambaa katika nchi nyingine za Afrika, zikiwemo Kenya, Rwanda, Senegal na Namibia. Wazo lililozaliwa kati ya vijiji vya Tanzania na kumbi za Mlimani likatafsiriwa kwa Kifaransa. Hiyo ni habari ya fasihi ya Kiswahili ambayo huisikii katika mihadhara ya fasihi ya Kiswahili. Tunahesabu tamthiliya zilizochapwa. Hizi zilizochezwa mara moja, kwenye bwalo la chakula, na wasichana ambao majina yao hayako kwenye jalada lolote, hatuna pa kuziweka.

Kila tukiwa na haraka, tunaanza kukata hapo

Wakati Tuseme inakua, upande wa pili kulikuwa na upepo mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, mashindano ya michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa. Mpaka leo wapenzi wa soka wakikaa kijiweni wakaanza kutafuta mchawi wa timu ya taifa, jina la waziri huyo litatajwa kabla chai haijapoa. Serikali ya awamu ya nne iliirudisha michezo. Lakini funzo nililolipata mimi katika historia hiyo si la mpira. Ni kwamba nchi ikibanwa kwenye taaluma, kitu cha kwanza kinachoonekana cha ziada ni kile kinachomfanya mtoto apende kubaki shuleni.

Tuwe wa haki kidogo. Waziri huyohuyo ndiye aliyekuwepo mwaka 2004 wakati Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, unaanza. Kilichofuata hakina mfano katika historia ya elimu yetu. Nchi iliyokuwa na sekondari kama 1,000 mwaka 2003 ilikuwa na zaidi ya 4,000 ilipofika 2009. Wanakijiji walibeba mawe, walichoma matofali, walichangia. Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu alisukuma kila kata iwe na sekondari, na wakuu wa mikoa hawakulala. Bila msukumo ule, kata za mbali kama zile za Mpanda vijijini zingekuwa bado zinasubiri treni ya Tabora. Anayezibeza shule za kata akumbuke kwamba binti wa mkulima wa tumbaku alikuwa hana shule kabisa.

Lakini tusidanganyane pia. Zilijengwa kuta. Mabweni yalikuwa machache, maabara hadithi, na walimu wengine walikuwa vijana waliotoka kidato cha sita wakapigwa mafunzo ya wiki chache. Mtaani wakaitwa "Voda Fasta", kama vocha ya simu. Katika shule ya namna hiyo, nani atakumbuka jukwaa? Nani atakuwa mlezi wa klabu ya mdahalo, wakati walimu wenyewe wanahesabika kwa vidole na kila mmoja ana vipindi vya masomo matatu?

Bili ilikuja Februari 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalitangazwa, na watahiniwa kama sita katika kila kumi walikuwa wamepata divisheni ziro. Walikuwa zaidi ya watoto 240,000. Waziri Mkuu wakati ule alikuwa Mizengo Pinda, mtoto wa Katavi mwenyewe. Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na mwezi Mei matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Alama zikasogea kidogo kwenye karatasi. Mwaka huohuo ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zikaanza kupangwa kwa ufaulu, na mkuu wa shule aliyeshika mkia alijua kwamba ataitwa.

Shule zilijibu vile mtu yeyote mwenye hofu angejibu. Vipindi vya alfajiri, masomo ya Jumamosi, kambi za kitaaluma kwa kidato cha nne, mitihani ya majaribio kila mwezi. Mengine yalisaidia, sibishi. Kambi ya kitaaluma, kwa mfano, ilikuwa na faida ambayo haikuandikwa kwenye ripoti: kwa wiki chache binti alitoka geto, akalala shuleni na wenzake, akala chakula cha uhakika, na mwalimu akajua yuko wapi saa nne usiku. Kambi ikimaliza, alama zikipanda, sifa inapewa mitihani ya majaribio. Sahani ya makande haipewi sifa. Godoro halipewi sifa.

Kilio Chetu, maswali mawili, alama kumi na tano

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kama msomaji. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Tanzania wa kidato cha tatu na cha nne amesoma Kilio Chetu katika somo la Kiswahili. Ni tamthiliya iliyotolewa na Medical Aid Foundation miaka ya 1990, na inahusu hasa jambo hili: vijana ambao hakuna mtu mzima anayetaka kuzungumza nao kuhusu miili yao, mpaka binti anapata mimba na ukimwi unaingia. Pamoja nayo amesoma Orodha ya Steve Reynolds, ambayo kijiji kizima kinatetemeka kwa sababu binti aliyefariki ameacha orodha. Hizi si tamthiliya za kupamba rafu. Zilitungwa ili zichezwe, watu wakae baada ya mchezo, waanze kubishana.

Tumezifanya nini? Tumezifanya swali la mtihani. Jadili dhamira kwa kutumia tamthiliya mbili ulizosoma. Mwanafunzi anakariri: nafasi ya mwanamke, malezi, mapenzi, ukimwi, hoja sita, mfano mmoja kila hoja. Anaweza kupata alama zote, na hajawahi hata siku moja kusimama akasema neno la mhusika kwa sauti. Pengine hata kitabu hajakishika, ameshika "notisi". Binti wa geto anaandika aya nzuri kabisa kuhusu madhara ya wazazi kunyamaza, anapewa alama, anarudi geto, na wote waliomzunguka wananyamaza.

Hakuna dhihaka ninayoijua katika ufundishaji wetu inayozidi hiyo, na dawa yake haina gharama. Shule haihitaji mradi wala gari la wafadhili kuigiza Kilio Chetu. Inahitaji saa moja ya Ijumaa, kanga mbili, na mwalimu wa Kiswahili anayekubali kwamba kelele za mazoezi ni sehemu ya somo. Atakayeigiza hoja hataisahau kwenye mtihani. Lakini muhimu zaidi, baada ya onyesho mtu atauliza swali ambalo halimo kitabuni, na hapo ndipo Tuseme inapoanza.

Kuna ushahidi kwamba vitu hivi vidogo hufika mbali. Mwaka 1999 lilianzishwa jarida la Femina, baadaye Fema, lililokuwa likipelekwa bure sekondari nchi nzima, likizungumza na vijana kwa Kiswahili chao kuhusu mapenzi, afya, pesa na ndoto. Likazaa klabu za Fema mashuleni na kipindi cha televisheni. Mmoja wa waliofanya kazi huko na kuonekana kwenye kipindi hicho ni Rebeca Gyumi. Ni yeye aliyekwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18, akashinda mwaka 2016, serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi tena. Siwezi kusema jarida ndilo lililoshinda kesi. Nasema kwamba mtu aliyezoea kukaa na vijana na kuwaacha waseme alijua kesi iko wapi.

Kile ambacho jukwaa haliwezi

Wapo watakaosema naipamba sanaa kupita kiasi. Wana hoja, na historia iko upande wao kwa sehemu. Onyesho halijengi bweni. Binti anaweza kuigiza vizuri, baraza zima likalia, mwenyekiti wa kijiji akaahidi, na Jumatatu akatembea njia ileile. Mlama na wenzake walilijua hilo. Ndiyo maana mpango wa utekelezaji ulikuwa sehemu ya Tuseme, si nyongeza.

Na mengine yameshafanyika nje ya jukwaa. Tangu Januari 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne imeondolewa. Mwaka huohuo sheria ya elimu ilirekebishwa, na anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Novemba 2021 serikali ilifungua mlango kwa waliokatishwa masomo kwa ujauzito na sababu nyingine kurudi katika shule za mfumo rasmi, mlango ambao mwaka 2017 ulikuwa umebamizwa kwa tamko. Mradi wa SEQUIP umeleta ujenzi wa shule karibu na watu na shule ya bweni ya wasichana kwa kila mkoa, na umesisitiza walimu wa ushauri na unasihi. Katika Wilaya ya Tanganyika yenyewe, vijiji vinane vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata vimekuwa vikipata fedha za hewa ukaa, na sehemu ya fedha hizo imeingia kwenye madarasa na zahanati. Hayo ni maamuzi ya mkutano wa kijiji, si ya Dodoma, na yanaonyesha kwamba jamii ya Katavi ikiwa na chake inajua pa kukipeleka.

Lakini angalia kila kimoja kinahitaji nini ili kifanye kazi. Kifungo cha miaka 30 kinahitaji binti atakayemtaja mtu, na mtu huyo mara nyingi ni ndugu, jirani, au mwenye ng'ombe anayeweza kumalizana na baba. Mlango wa kurudi shule unahitaji binti atakayevuka uwanja wa paredi huku wenzake wakimtazama. Mwalimu wa unasihi, hata akiwa na chumba na kabati, anahitaji mtoto atakayebisha hodi. Bweni lenyewe linahitaji mtu wa kusema kwamba taa ya upande wa choo imekufa. Vyote vinasubiri sauti. Sauti haigawiwi kwa waraka. Inafanyiwa mazoezi, kama ngoma.

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Hoja ilikuwa kwamba hakuna tija kuwashindanisha watoto waliosoma katika mazingira yasiyofanana. Wengi walinung'unika, gazeti bila kumi bora ni kama harusi bila keki. Mimi niliona nafasi. Kama hatuiulizi tena shule ya Sibwesa imekuwa ya ngapi kati ya maelfu, tunaweza kuiuliza maswali mengine. Binti wangapi walioingia kidato cha kwanza wamefika cha nne? Wanaokaa geto ni wangapi, na nani anajua majina ya vyumba vyao? Mara ya mwisho wanafunzi kuigiza kitu walichokitunga wenyewe mbele ya wazazi ilikuwa lini?

Maswali haya yanaweza kuingia kwenye ajenda ya kikao cha wazazi, yakafuata moja kwa moja baada ya taarifa ya mitihani, na kujibiwa na watu walewale waliobeba mawe ya msingi wa shule. Katika kata ya wakulima na wafugaji, kila mzee aliyekaa pale anazijua ngoma mbili tatu za kwao, na kila mama ameshasema jambo zito kwa kanga. Hawahitaji kufundishwa jukwaa ni nini. Wanahitaji kuambiwa kwamba Ijumaa saa tisa watoto wana jambo la kuonyesha, waje na viti vyao, na wasiondoke mara onyesho likiisha.